Rangi zilizopoa kwa milima ya kwetu: boksi la pasteli, rangi za udongo au tyubu tatu kali?

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Iringa. "Shikamoo mjomba. Nataka kuchora milima kwa rangi zilizopoa, zile zisizowaka. Dukani kuna boksi la chaki za pasteli, na kuna tyubu za rangi za akriliki zinazouzwa mojamoja. Hela ninayo ya kitu kimoja tu. Nichukue kipi?" Nikamwambia marahaba, asubiri, asilipe kwanza. Jibu nililodhani ni la dakika mbili ndilo hili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ukitaja rangi za pasteli, wengi wanaona pinki ya keki ya kipaimara na bluu ya chumba cha mtoto mchanga. Hizo ni rangi zilizotiwa weupe, basi. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri zaidi ya hapo. Kitenge kilichofuliwa miaka mitatu kimechujuka. Mguu usiopakwa mafuta asubuhi ya Julai pale Makambako umepauka. Rangi iliyopoa ni kitu kingine: bado ni nyekundu, bado ni kijani, ila ukali wake umetulizwa na rangi nyingine iliyoingia ndani. Ndiyo rangi ya ukungu wa Tukuyu saa moja asubuhi, na ndiyo anayoitafuta mpwa wangu ingawa boksi alilolishika mkononi lina ile ya keki.

Jaribio lake ni jepesi. Weka bluu kidogo kwenye sahani, uigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza litie nyeupe peke yake: unapata bluu ya shati la sare. La pili litie nyeupe ileile, kisha uongeze rangi ya kahawia nyekundu kiasi cha kichwa cha kiberiti. Hapo ghafla una mlima ulio mbali. Ukilishika jaribio hili, uchaguzi wa paleti, yaani kundi la rangi utakazochorea, unabadilika, maana huulizi tena ni boksi gani linapendeza kwa macho. Unauliza ni rangi zipi zinatulizana zenyewe kwa zenyewe bila kugeuka tope.

Kabla ya duka, tundu kwenye kadi

Chukua kipande cha kadibodi ya boksi la sabuni, kipake kijivu cha katikati, toboa tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Shika kadi mbali na uso, funga jicho moja, elekeza tundu mlimani.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi hapa Mbeya nikiuelekea mlima Loleza, nilicheka. Nilikuwa nimeuchora bluu miaka yote. Ndani ya tundu haukuwa bluu. Ulikuwa kijivu chenye zambarau kidogo, na ulikuwa mweupe kuliko nilivyoamini. Bluu niliyokuwa naiona ilitoka kwa kulinganisha na mabati mekundu na majani ya bustani za watu.

Kuna jambo la Loleza ambalo wachoraji wengi wa mjini hawalitilii maanani. Mlima upo kaskazini mwa mji, kwa hiyo upande tunaouona unatazama kusini. Mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita kaskazini, linaumulika mlima kwa mgongo na ubavu, na uso wake unabaki na kivuli kirefu cha rangi baridi. Desemba jua la adhuhuri limevuka upande wa kusini, linaupiga usoni. Makorongo yanajaa mwanga, na kwa kuwa mvua zimeanza, nyasi ni kijani kibichi. Mlima ni mmoja, paleti ni mbili. Mtu akikuuzia "rangi za mlima" bila kukuuliza mwezi gani, anakuuzia picha ya kalenda.

Hewa nayo ina neno lake. Hewa safi baada ya mvua hutawanya mwanga wa bluu kuliko nyekundu, ndiyo maana safu ya mbali ya milima huonekana samawati. Septemba na Oktoba, mashamba yanapochomwa na vumbi la Usangu likipanda, chembe zilizo hewani ni kubwa zaidi na hutawanya rangi zote karibu sawa. Hapo mbali panageuka maziwa yenye manjano, wakati mwingine rangi ya ugoro. Ukipaka bluu kwenye mlima wa Oktoba, hata asiyejua kuchora ataona kuna uongo mahali.

Boksi la chaki za pasteli

Uzuri wake ni mkubwa, sitaudharau. Chaki ya pasteli ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi kidogo sana. Haingoji kukauka, haitaki maji wala brashi. Ukungu unaposhuka Isyonje, ukakaa dakika kumi na kuondoka, mwenye chaki ameshaunasa wakati mwenye tyubu bado anafungua vifuniko. Ule mpaka laini, pale mti unapoyeyukia kwenye ukungu, unafanywa kwa kidole kimoja. Hakuna brashi yangu inayofikia hapo.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kuchanganya kwenye sahani. Unapishanisha tabaka juu ya karatasi, na karatasi ina kikomo cha unga inaoweza kushika. Kwa hiyo rangi unayoitaka lazima iwe tayari ndani ya boksi, tena katika ngazi zake: kijani kimoja cha majivu kinadai chaki nne, kutoka giza hadi karibu na weupe. Boksi la vipande kumi na viwili haliwezi kukupa hilo. Mara nyingi lina kijani mbili zinazowaka, chungwa moja, nyekundu ya bendera, na kijivu kimoja cha kuonea huruma.

Boksi langu la kwanza nililinunua Dar es Salaam kwa sababu juu ya kifuniko kulikuwa na picha ya milima. Nikaliweka kwenye begi la juu ndani ya basi. Sijui ni kona gani ya Kitonga ilifanya kazi hiyo, lakini nilipofungua Mbeya nusu ya chaki zilikuwa unga, na rangi zote zimeingiliana. Nilitaka kutupa. Mke wangu akaniambia unga ni unga, ukande. Nikaukusanya kwenye kibakuli, nikautia maji kidogo kama wa maandazi, nikasokota vijiti viwili, nikaanika dirishani siku mbili. Vikatoka kijivu cha joto kimoja, na kingine chenye kijani kwa mbali. Ndizo chaki bora nilizokuwa nazo mwaka ule mzima, na hakuna duka lililonipa.

Tahadhari moja kubwa kwa anayenunua kwenye maduka ya vifaa vya shule: pasteli nyingi zinazouzwa huko ni za mafuta, zile zenye mguso wa krayoni. Hizo ni mnyama tofauti. Haziwi unga, hazikauki kabisa, na hazikai vizuri pamoja na za chaki. Sugua moja kwenye kiganja: ya chaki inaacha vumbi, ya mafuta inaacha utando unaoteleza. Na usipulize vumbi la chaki kwa mdomo, utalivuta ndani mwenyewe. Gonga ubao kwa nyuma, futa chini kwa kitambaa kibichi.

Karatasi yenye meno, yaani yenye uso wa kukwaruza unaoshika unga, si rahisi kuipata huku. Kwa mazoezi natumia msasa wa maji, namba 400 au 600, ninaogundisha kwenye hadubodi. Haudumu kama karatasi ya kazi hiyo, lakini unashika unga vizuri na rangi yake ya kijivu tayari inakusaidia kupoza. Mchoro ukiisha unahitaji kioo mbele yake. Ukipuliza dawa ya kushikiza unga, rangi zako nyepesi zitazama kidogo, kwa hiyo puliza kabla ya kuweka nuru za mwisho. Bila kioo, Tukuyu na unyevu wake itakutengenezea ukungu mwingine usiouomba.

Rangi za udongo

Hapa nakiri upendeleo. Tyubu nne za akriliki: manjano ya udongo, kahawia nyekundu iliyochomwa, bluu ya ultramarini na nyeupe. Majina ya kwenye tyubu hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, kwa hiyo soma nyuma namba ndogo za pigimenti, ule unga wa rangi wenyewe, kwa mpangilio huohuo: PY42 au PY43, PBr7 au PR101, PB29, PW6. Muuzaji akikupa jina zuri bila namba, rudisha rafuni.

Mbili za kwanza ni kutu ya chuma tu. Ni ndugu wa ngeu ya fundi seremala, ndugu wa unga mwekundu unaochanganywa na saruji ya sakafu, na ndugu wa wekundu wa michoro ya mwambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hazichujuki kwa jua. Ultramarini nayo zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan, hadi Wafaransa walipopata njia ya kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. Ile bluu ya vidonge ambayo bibi zetu walitilia nguo nyeupe ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

Sasa tazama kinachotokea kwenye sahani. Weka ultramarini na kahawia nyekundu sawa kwa sawa, koroga: unapata giza karibu na nyeusi, lakini si nyeusi ya masizi, lina kina. Kahawia ile ina chungwa ndani yake, na chungwa na bluu ni mahasimu, kila moja inaizima nyenzake. Gawa giza hilo mafungu matatu, yote yatie nyeupe. La kwanza liongeze bluu kidogo: mlima wa mbali. La pili liongeze kahawia kidogo: moshi, au gome la mkaratusi. La tatu liache: wingu la mvua kwa chini. Tyubu tatu, dakika mbili, na vijivu vyote vinajuana kwa sababu vimetoka tumbo moja. Huo undugu wa rangi ndio unaofanya picha iliyopoa ionekane imetulia badala ya kuonekana mgonjwa.

Udhaifu wake ni kijani. Manjano ya udongo na ultramarini huzaa kijani cha mzeituni, kizuri kwa nyasi za Julai na kwa misindano ya Sao Hill jua likiwa limejificha, lakini hakitaamka hata ukibembeleze. Zambarau nayo ni nzito. Mijakaranda ya Iringa ikichanua utalia.

Kuna binamu yake anayestahili kutajwa. Mchoraji Msweden Anders Zorn, aliyeishi 1860 hadi 1920, amepachikwa jina kwenye paleti ya manjano ya udongo, nyekundu kali, nyeusi na nyeupe, bila bluu kabisa. Nyeusi ikitiwa nyeupe na kuwekwa jirani na manjano, jicho linaisoma kama bluu. Usiniamini, jaribu. Kwa Oktoba yetu ya moshi haina mpinzani.

Tyubu tatu kali

Manjano ya limau, majenta ile nyekundu yenye zambarau, na bluu ya thalo, pamoja na nyeupe; PY3, PR122, PB15:3. Kwa nadharia hii ndiyo paleti inayoweza kila kitu. Ukitaka kijani cha chai kinachowaka unacho, ukitaka kukipoza unakitia majenta, ukitaka zambarau ya jakaranda hiyo hapo.

Kwa vitendo, kila rangi iliyopoa lazima uipiganie. Bluu ya thalo ina nguvu ya pilipili: kiasi cha kichwa cha kiberiti kinabadilisha kijiko kizima cha nyeupe. Umepata kijani kizuri, kimezidi kidogo, unatia majenta, imezidi, unarudisha manjano, na sahani imejaa rangi ya matapishi ya paka. Wakati huo ukungu umeshaondoka na watoto wamekuzunguka wanauliza unachora nini.

Kuna ujanja unaopunguza mateso. Kabla ya kuanza, changanya zote tatu mpaka upate kijivu, kijaze kwenye kifuniko cha chupa ya maji, kisha tia tone lake katika kila rangi utakayotumia. Kijivu hicho kinakuwa mama wa picha. Mwenye subira atafika mbali sana na paleti hii. Mimi sina.

Mbele ya mandhari yenyewe

Loleza asubuhi ya Julai: rangi za udongo, bila mjadala. Chaki zinafuata, ukiwa na vijivu vya kutosha. Tatu kali zitakufikisha, ila utachoka njiani. Angalizo la mwezi huo: upepo mkavu unakausha akriliki juu ya sahani kabla hujaigusa. Tandaza kitambaa kibichi kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, changanyia hapo.

Isimila, zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji karibu na Iringa kwenye njia ya kuja Mbeya, karibu zinajichora zenyewe kwa rangi za udongo. Kosa la kawaida ni kuzifanya za chungwa mno. Elekeza tundu la kadi kwenye upande wa kivuli: kuna kijivu cha samawati pale, na mara nyingi kuna wekundu hafifu unaorushwa juu na ardhi. Hizo mbili zikikaa jirani, nguzo inasimama.

Mashamba ya chai ya Mufindi, au ya Tukuyu, mvua ikiwa imetoka kukatika: hapa paleti ninayoipenda inaaibika. Kijani cha chipukizi la chai ni cha manjano na kina uhai, na udongo hauna uhai huo. Tatu kali zinashinda. Lakini sikushauri ununue seti nzima kwa ajili ya miezi michache. Ongeza tyubu moja ya PY3 kwenye rangi zako za udongo. Limau na ultramarini, na chembe ya kahawia kukizuia kisiruke, kinakupa chai unayoweza kuishi nayo ukutani.

Kitulo mwezi wa pili sijaiweza kwa tyubu. Uwanda uko juu ya mita 2,600, ukungu unaingia na kutoka, nyasi ni kijani cha majivu, halafu katikati yake kuna maua yanayowaka. Watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu, na mchoraji anapata tamaa ya kupaka kila ua. Chukua chaki, sugua uwanda wote kwa rangi mbili za majivu, kisha gonga nukta tano za chungwa. Tano tu. Zitawaka kwa sababu zote zilizobaki zimenyamaza.

Misitu ya miombo upande wa Chunya na Mbozi, muda mfupi kabla ya mvua, majani machanga yanatoka mekundu, shaba na waridi. Kahawia nyekundu, nyeupe nyingi, na manjano ya udongo. Wageni wanadhani ni majani yanayokufa.

Kosa lisilotibiwa na paleti yoyote

Niliwahi kuweka picha tatu kwenye maonyesho madogo, zote za ukungu. Mzee mmoja akasimama mbele yake kwa muda, akauliza kwa upole: "Mbona zimepauka, kijana wangu? Zilikaa juani?" Nilijitetea moyoni: huyu kazoea Tingatinga, rangi zile za mafuta alizoanza nazo Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, zinazong'aa kama baiskeli mpya. Nyumbani nikazipiga picha kwa simu, nikaziondoa rangi. Zote zilikuwa kijivu kimoja kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na giza hata mahali pamoja. Mzee hakukosea.

Rangi zikipoa, kazi yote inahamia kwenye mwanga na giza. Tangu siku hiyo kila picha yangu iliyopoa ina kitu kimoja cheusi karibu na mtazamaji, paa la jiko, mgomba, au ng'ombe, ili ukungu upate wa kulinganishwa naye. Na simu inaondoa rangi kabla sijaiita picha imekwisha.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aliache boksi. Anunue zile nne za udongo, nyeupe iwe tyubu kubwa maana inaisha mara tatu ya nyingine, na PY3 aisubirie Novemba. Muuzaji akikubali kuuza chaki mojamoja, achukue kijivu mbili, moja nyepesi moja nzito, kwa ajili ya kugusia ukungu juu ya akriliki iliyokauka. Kwenye tabaka nyembamba isiyo na mng'ao zinashika vizuri.

Jana amenijibu. Amenunua nne. "Lakini mjomba, na ile pinki ya mawingu ya jioni juu ya mwamba wa Gangilonga? Hiyo nayo ni udongo?" Nikamwambia apande na kadi yake, atazame kwenye tundu kwanza, kisha anipigie.